Kivuli cha Mlingoti Saa Sita Mchana

Juni 21, saa 6:25 mchana, Dar es Salaam. Uwanja wa shule ya msingi ni mtupu, shule zimefungwa. Mlingoti wa bendera una urefu wa mita sita. Kivuli chake kimelala juu ya mchanga, mita tatu na nusu, kimenyooka kuelekea kusini.

Hakuna mtoto wa kukiona.

Watoto hao hao wakifungua madaftari yao huko nyumbani, watakuta sentensi ambayo wengi wetu tuliinakili kwa namna moja au nyingine: saa sita mchana jua huwa utosini na kivuli hupotea miguuni. Ukurasa unaofuata una mchoro tunaoujua sote. Jua katikati, dunia nne pembeni, njia iliyobonyea kama yai, na majira manne yenye theluji na majani ya kupukutika.

Wiki kadhaa sasa jambo hili halinitoki kichwani. Mlingoti ule unaikanusha sentensi ile karibu kila siku ya mwaka, mchana kweupe, nasi hatumtoi mtoto nje akajionee. Tena mlingoti unaonyesha kitu ambacho mtoto wa London au Berlin hatakiona kwao hata akikaa miaka mia: kivuli cha adhuhuri kinachogeuka upande.

## Jua la utosi huja mara mbili

Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua, kwa macho yetu sisi tulio duniani, hupanda hadi nyuzi 23.4 kaskazini mwezi Juni, kisha hushuka hadi nyuzi 23.4 kusini mwezi Desemba. Katika safari hiyo hupita juu ya Dar mara mbili tu: likishuka, karibu na Oktoba 10, na likirudi, karibu na Machi 3.

Mombasa ni Oktoba 3 na Machi 10. Nairobi ni Septemba 26 na Machi 17. Mtwara, iliyo kusini zaidi, ni Oktoba 20 na Februari 22. Tarehe husogea siku moja mbele au nyuma kwa ajili ya mwaka mrefu.

Siku nyingine zote kivuli kipo, hata adhuhuri. Dar huangukia kusini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kwa zaidi ya miezi saba. Halafu huhamia kaskazini kwa miezi iliyobaki.

## Saa ya ukutani si saa ya jua

Hapa ndipo darasa jema huharibika. Mwalimu anajua tarehe ya jua la utosi, anawatoa watoto saa sita kamili, na kivuli wanakikuta. Wanarudi ndani wakiamini kwamba wamedanganywa.

Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Dar iko longitudo 39.3, na kila nyuzi moja kuelekea magharibi ni dakika nne za kuchelewa. Kwa hiyo adhuhuri ya jua hapa, kwa wastani, ni saa 6:23. Kigoma ni saa 7:01. Juu ya hayo, jua lenyewe huwahi au huchelewa kwa majira: Oktoba 10 hufika kileleni Dar saa 6:10, Machi 3 hufika saa 6:35.

Ukitoka na fimbo ya mita moja Machi 3 saa sita kamili, utakuta kivuli cha sentimita 15 kimelala magharibi. Fimbo haina kosa. Umewahi dakika 35.

Njia rahisi ya kuipata saa ya kweli iko msikitini. Ratiba ya swala hutaja wakati wa adhuhuri, na adhuhuri huingia mara tu jua linapopinda kutoka kileleni. Mabango mengi huongeza dakika chache za tahadhari. Basi toka nje nusu saa kabla ya adhana, na wakati utakuwa mikononi mwako. Watoto wa madrasa wana faida zaidi, kwa kuwa wengine wameshafundishwa kwamba alasiri huingia pale kivuli kinaporefuka kwa kimo cha kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Fundisho hilo linakubali waziwazi kwamba adhuhuri ina kivuli.

## Fimbo ya mita moja

Mpini wa ufagio unatosha. Usimamishe kwenye ndoo ya mchanga ulioshindiliwa, kisha upime kwa timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, kutoka pande mbili. Fimbo ikiinama nyuzi mbili tu kuelekea kaskazini, kipimo cha Juni kinapungua sentimita tatu na nusu. Ardhi nayo iwe sawa. Kama hakuna pima maji ya fundi, sinia lenye maji kidogo litakuonyesha upande ulioinama.

Tatizo la pili watoto huligundua wenyewe: ncha ya kivuli haina ukingo. Imefifia kwa kiasi cha sentimita nzima, na kila mmoja anaweka alama pake. Hii ni kwa sababu jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi angani.

Dawa yake ni kipande cha boksi kilicholazwa juu ya fimbo, chenye tundu la msumari wa inchi nne. Katikati ya kivuli cha boksi kitatokea kiduara cha mwanga. Kiduara hicho ni picha ya jua lenyewe, na kina katikati inayoeleweka. Mita moja sasa ihesabiwe kutoka kwenye tundu hadi ardhini, na kipimo cha chini kianzie pale timazi inaposhuka kutoka tunduni, si kwenye shina la fimbo. Wengi husahau hili na kupoteza sentimita kadhaa.

Watoto watazame chini muda wote. Jua halitazamwi kwa macho, wala kwa miwani ya mtaani.

Anza saa 5:50, weka alama ya chaki kila dakika tano hadi saa 7:00, na kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Kwa urefu, kosa la dakika kumi mwezi Juni halifiki hata nusu sentimita. Kwa mwelekeo ni balaa, kwani dakika hizo hizo hupindisha kivuli zaidi ya nyuzi nne. Ukitaka mstari wa kaskazini na kusini ulio sahihi, anza mapema zaidi, saa 5:00, na uchore duara la kamba lenye nusu kipenyo cha sentimita 70 kuzunguka mahali pa timazi. Weka alama pale ncha inapoligusa duara kabla ya adhuhuri, na pale inapoligusa tena baadaye. Unganisha alama hizo, gawa katikati, kisha vuta mstari hadi kwenye timazi.

## Namba mbili ndani ya sentimita

Dar es Salaam, Juni 21: sentimita 58, kusini.

Desemba 21: sentimita 30, kaskazini.

Mtoto wa darasa la tano hana haja ya tanjiti. Achore kwenye karatasi ya mraba: fimbo sentimita 10 wima, kivuli cha Juni sentimita 5.8 chini, kisha aunganishe ncha mbili. Pembe ya juu, pale fimbo inapokutana na mstari wa mwanga, apime kwa kipimapembe. Atapata nyuzi 30 na ushee. Mchoro wa Desemba utampa karibu nyuzi 17.

Ajumlishe: 47. Agawe kwa mbili: 23 na nusu.

Huo ni mwinamo wa mhimili wa dunia. Kaupata kwa ufagio.

Sasa atoe 17 kwenye 30, apate 13, agawe kwa mbili: 6 na nusu. Hiyo ni latitudo ya Dar es Salaam, pungufu ya theluthi moja ya nyuzi, na upungufu huo umetokana na unene wa penseli. Sababu yake inaeleweka bila fomula. Mwezi Juni jua liko upande wa pili wa ikweta, kwa hiyo pembe ni mwinamo kuongeza latitudo. Mwezi Desemba liko upande wetu, limetupita, na pembe ni mwinamo kutoa latitudo. Ukijumlisha, latitudo inajifuta. Ukitoa, mwinamo unajifuta.

Shule mbili zikishirikiana siku moja, dunia nzima inapimika. Juni 21 fimbo ya Mombasa itatoa sentimita 52 na ya Mtwara 67, tofauti ya nyuzi 6.2. Kati ya miji hiyo, kwa mstari wa kaskazini hadi kusini, ni karibu kilomita 690. Gawa 360 kwa 6.2, zidisha kwa 690, utakuta kilomita elfu 40 na kidogo. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,008. Umbali uchukuliwe kwenye ramani kwa rula, kwa maana barabara ni ndefu zaidi. Na kipimo kiwe makini: sentimita moja ya kosa katika shule moja inaibadilisha dunia kwa karibu kilomita elfu tatu.

## Mtoto mwenye ushahidi

Hadi hapo nilidhani jambo limekwisha. Halafu likaja swali la joto.

Ukimuuliza mtoto kwa nini kuna miezi ya joto na miezi ya baridi, atakwambia dunia inapokaribia jua kunakuwa na joto. Mwalimu wa nchi za baridi humjibu kwa sentensi moja: dunia huwa karibu na jua mwanzoni mwa Januari, na huku Januari kuna theluji. Basi.

Kwetu sentensi hiyo inampa mtoto ushindi. Januari Dar kuna joto la kuunguza. Julai ni kipupwe, watu wanatafuta shuka. Umbali nao unakubali: kilomita milioni 147 mwanzoni mwa Januari, milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Mtoto wa hapa ana kosa, na ana ushahidi wa kosa lake.

Nikajaribu kulipima kosa hilo kwa namba, na namba hazikunisaidia. Tofauti ya umbali ni ndogo, lakini nguvu ya jua inayofika hupungua kwa karibu asilimia 7 kutoka Januari hadi Julai. Mwinamo je? Kwa pembe za kivuli, ardhi ya Dar hupata adhuhuri ya Desemba mwanga zaidi ya ule wa Juni kwa kiasi cha asilimia 11. Nairobi, iliyo karibu na ikweta, tofauti hiyo ni asilimia 2 tu.

Asilimia 2 za mwinamo, 7 za umbali.

Kwa hiyo ile kauli ya kwamba umbali haubadilishi kitu, tuliyoipokea kutoka nchi za mbali na ikweta, hapa si kweli yote. Imenichukua muda kulikubali hilo, kwa kuwa nilitaka jibu safi la kumpa mtoto.

Kilichonitoa kwenye mkwamo ni Maskati, mji mkuu wa Omani. Familia nyingi za Unguja zina ndugu kule, na simu moja inatosha. Maskati iko nyuzi 23.6 kaskazini. Juni 21 fimbo ya mita moja adhuhuri ina kivuli cha milimita tatu, joto hupita nyuzi 40, na dunia iko karibu na mwisho wa umbali wake. Desemba 21 kivuli kimerefuka hadi sentimita 107, mwanga wa adhuhuri umepungua kwa theluthi, na mchana ni mfupi kwa saa tatu. Januari ya Unguja na Januari ya Maskati ziko kwenye sayari moja, siku moja, umbali mmoja. Mmoja anajipepea, mwingine amevaa sweta jioni.

Mtoto aambiwe hivyo basi. Umbali una kazi yake ndogo, na siku hiyo unawagawia watu wote sawasawa. Mwinamo ndio unaompa huyu na kumnyima yule. Mahali ambapo kivuli cha Juni na cha Desemba karibu vinalingana, mwinamo unakuwa na kidogo cha kugawa, na hapo umbali, mawingu, upepo na mwinuko wa ardhi hupata nafasi ya kusikika.

Yai nalo lifutwe. Njia ya dunia ikichorwa kwa kipenyo cha sentimita 30, tofauti ya urefu na upana wake haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Penseli haiwezi kuionyesha. Bikari ndiyo kifaa sahihi, na jua liwekwe milimita mbili na nusu kando ya katikati.

## Kivuli na upepo

Kuna jambo watu wa mwambao wameliishi kwa karne nyingi. Kivuli cha adhuhuri kikilala kusini, upepo hutoka kusini: ni Kusi. Kikilala kaskazini, upepo hutoka kaskazini: ni Kaskazi. Kivuli kinaelekeza kule upepo unakotoka.

Haikutokea kwa bahati. Kivuli hulala upande ulio kinyume na jua, na hewa huvutwa kuelekea upande unaopashwa joto, ambako hewa nyepesi inapanda juu. Mvutaji mkubwa ni bara la Asia, linalowaka mwezi Juni hadi Agosti na kupoa Desemba hadi Februari. Majahazi yalikwenda Arabuni na India kwa Kusi, yakaja kwa Kaskazi.

Ila upepo hauhami siku kivuli kinapogeuka. Bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo kuna wiki za katikati, pepo zikiwa bado hazijashika. Tazama tarehe tena: kivuli cha Dar hugeukia kusini Machi 3, na masika huja Machi hadi Mei. Hugeukia kaskazini Oktoba 10, na vuli huja Oktoba hadi Desemba. Ukanda wa mvua hulifuata jua, nyuma yake kidogo, na kwa kuwa jua hupita juu yetu mara mbili, tuna mvua mbili. Kusini mwa nchi vipindi hivyo husogeleana hadi kuungana, na Mbeya hupata msimu mmoja, Novemba hadi Aprili.

Majira manne ya mchoro hayana pa kuingia hapo.

## Chungwa na koroboi

Baada ya uwanja, darasani, giza. Koroboi au mshumaa katikati ya meza. Tochi haifai kwa sababu humulika upande mmoja. Chungwa lichomwe kijiti cha mshikaki, liinamishwe karibu robo ya pembe mraba, na pini ichomekwe chini kidogo ya katikati kuwa Dar.

Kosa ni moja, na ni lile lile kila mara: mtoto anayezunguka meza hugeuza mkono, na kijiti kinaendelea kuinamia taa. Dunia ya namna hiyo haina majira kabisa. Chagueni dirisha moja na ncha ya juu ya kijiti ielekee dirisha hilo mzunguko mzima, hata mkono ukichoka. Upande mmoja wa meza ncha ya juu itainamia taa, upande wa pili itaipa kisogo. Hapo mtoto hunyamaza kidogo, akitazama pini.

## Fimbo hiyo hiyo Mirihi

Sayari hufundishwa kama orodha ya majina, na majina yenyewe yamevurugwa. Iliyo karibu zaidi na jua ni Utaridi, ila vitabu vingine huiita Zebaki, jina la ile metali ya majimaji. Afadhali kila sayari tuipelekee fimbo.

Mshtarii ina mwinamo wa nyuzi 3 tu, kwa hiyo majira hakuna. Uranus imelala ubavu, nyuzi 98, na kila ncha yake hupata takriban miaka 42 ya mwanga ikifuatwa na 42 ya giza. Zuhura imefunikwa mawingu mazito kiasi kwamba fimbo haitatoa kivuli cha kupimika, mbali ya joto la nyuzi zaidi ya 460.

Mirihi ndiyo inayonivuta. Mwinamo wake ni nyuzi 25, siku yake ni saa 24 na dakika 39, na mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Lakini njia yake imebonyea kweli: kilomita milioni 207 ikiwa karibu na jua, 249 ikiwa mbali. Nguvu ya jua hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 40. Kule, yule mtoto aliyesema ni umbali angekuwa na nusu ya haki, na kiangazi cha kusini mwa Mirihi ni kifupi na kikali kuliko cha kaskazini. Fimbo imeshafika pia. Magari ya Spirit na Opportunity, yaliyotua Januari 2004, yalibeba kijiti kidogo ambacho kivuli chake kilisaidia kurekebisha rangi za picha.

## Shule zimefungwa

Juni 21 na Desemba 21 mara nyingi huangukia likizo. Jambo hili lingeharibu kazi yote kama jua lisingesita kwenye ukomo wake. Kwa bahati linasita. Juni 5 kivuli cha Dar ni sentimita 56, na Julai 8 ni 56 vilevile. Desemba 5 na Januari 8 ni karibu 28. Ukitumia tarehe hizo, mwinamo utatoka nyuzi 22 na nusu, pungufu ya nyuzi moja, na mtoto anaweza kuelezwa upungufu umetoka wapi.

Machi na Oktoba ni kinyume: kivuli hukimbia milimita saba kwa siku, na wiki moja ya kuchelewa inaonekana kwa macho.

Alama zisiwe za chaki. Mimina zege kidogo mahali palipo sawa, acha tundu la kusimamishia fimbo, weka nukta ya rangi ya mafuta kila Ijumaa na tarehe yake kando. Anza Julai shule zinapofunguliwa. Nukta zitakuwa zinarudi polepole kuelekea kwenye fimbo, zote upande wa kusini. Upande wa kaskazini wa zege utabaki mtupu mpaka Oktoba 11.